Maswali ya Wasomaji: Mawe ya Tangi la Samaki

SWALI: Assalamu alaykum. Nina tangi la lita 60. Nimelipamba kwa mawe meupe yenye matundu niliyookota shamba. Maji yanang'aa, lakini samaki wangu wadogo aina ya neoni wanapauka na kufa mmoja mmoja. Je, ni mawe?
*Msomaji, Fuoni, Unguja*

JIBU: Waalaykumu salaam. Kwa maelezo yako, mawe ndiyo ya kushukiwa kwanza. Sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, na jiwe la namna hiyo, hata likiokotwa mbali na bahari, ni kalsiamu kaboneti. Likikaa majini huyeyuka kidogo kidogo, maji yakawa magumu, yaani yenye kalsiamu nyingi, na pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi hupungua) ikapanda. Neoni asili yao ni mito ya Amazoni, yenye maji laini na asidi kidogo.

Jiwe hupimwa kabla ya kutiwa. Lioshe, lianike, kisha likwangue kwa msumari hadi ndani paonekane, kwani uchafu wa juu huficha mambo. Lidondoshee siki nyeupe au maji ya ndimu. Likitoa povu, hata vipovu vichache tu, lina kaboneti. Siki lakini ni dhaifu, na yapo mawe yanayoitikia polepole mno. Kwa uhakika zaidi, kinga maji ya mvua ndoo mbili, tia jiwe katika moja, zifunike wiki nzima, halafu pima pH ya zote mbili na ulinganishe.

Kuyatoa mawe peke yake hakutoshi. Maji ya visima vya Unguja yamepita katika mwamba huo huo, kwa hiyo mara nyingi ni magumu tangu kisimani. Yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua ya mwanzo kuosha paa. Badilisha robo ya tangi kwa wiki, usizidishe: pH ikibadilika ghafla huua samaki upesi kuliko pH isiyowafaa. Mahali pa mawe yale weka granaiti; waulize mafundi wa meza za jikoni vipande vinavyobaki. Marumaru ya asili usitie, nayo ni kaboneti.

Lakini ipo njia nyepesi zaidi, nayo ndiyo tungekushauri: ubaki na mawe, ubadilishe samaki. Gapi na moli hustawi katika maji magumu. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wanaopenda pH ya 7.8 hadi 8.6, wangefaa sana, ila wao wanahitaji tangi la lita 200 au zaidi.

SWALI: Mawe ya pwani niyachemshe au niyaloweke kwa jiki?
*Msomaji, Chake Chake, Pemba*

JIBU: Usiyachemshe, na motoni usiyatie kabisa. Maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke, jiwe likapasuka na kukurukia usoni. Tena tumbawe likiungua sana huwa chokaa, kama ile ya tanuu. Ikiingia tangini pH hupaa na samaki wote hufa. Jiwe lenye viumbe hai liache mwambani lilipo. Baadhi ya viumbe hao wana sumu kali, na ukichemsha hupanda na mvuke hadi mapafuni.

Okota yaliyokufa na kukauka. Yasugue kwa brashi ngumu bila sabuni, kisha yaloweke katika maji baridi yasiyo na chumvi kwa wiki mbili, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili. Ndani ya matundu hubaki chaza na minyoo waliokufa, na wakiozea tangini hutoa amonia, sumu kwa samaki. Yakinuka, endelea kuloweka. Jiki ni kwa mawe mazito yasiyo na matundu tu, sehemu moja kwa tisa za maji. Suuza sana, anika juani hadi harufu iishe. Tumbawe hunyonya jiki na kuitoa baadaye. Jiwe lenye kutu au madoa ya kijani-buluu ya shaba litupe.

SWALI: Mbuna wangu wamefukua mchanga, mawe yakaporomoka, kioo kikapasuka. Nifanyeje?
*Msomaji, Mkoani, Pemba*

JIBU: Mawe hutangulia, mchanga hufuata. Tandika mkeka mwembamba wa plastiki juu ya kioo cha chini, panga mawe makubwa yakae bapa, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Hapo hata wakifukua hawapati cha kuangusha. Ya juu yagandishe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu, uiache ikauke saa 48. Kabla ya kujaza maji, sukuma kila jiwe kwa mkono. Linalotikisika lipange upya.