Shangazi, mume wangu anajifanya mgonjwa

"Shangazi, mume wangu ni mvuvi. Msimu wa kusi mwaka jana aliteleza gatini, akaumia kiuno. Hospitali walimpiga picha, hakuna mfupa uliovunjika. Mpaka leo haendi baharini. Usiku halali, kutwa analalamika. Nikimtuma nazi anarudi na ndimu. Lakini kula anakula, na jioni utamkuta barazani anacheza bao na kucheka! Mashine ya boti nimeiuza maana ilikaa bure. Nimemwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Hata leso ya 'Mgaagaa na upwa hali wali mkavu' nimemvalia, hashtuki. Mamake anasema nimpe muda. Je, niombe talaka?" – Mke Aliyechoka, Langoni, Lamu.

Pole, mwanangu. Nyumba isiyoingia samaki ni mzigo, na mwenye duka hakopeshi kwa huruma. Pole yangu inaishia hapo.

Uvivu wa mumeo umeupamba barua nzima, halafu ile mashine ukaipitisha haraka haraka, labda nisiione. Nimeiona. Hukusema kama ulimuuliza mwenyewe, nami naamini hukumuuliza. Na maneno yasiyoandikika kwa shangazi usiyemjua, vipi yalitamkika kwa mtu unayelala naye?

Mumeo haigizi. Eksirei inaonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Maumivu huundwa na ubongo, kutokana na habari zinazopanda kwenye mishipa ya fahamu kupitia uti wa mgongo, tena habari hizo huchujwa njiani. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kuwa mle kwenye uti wa mgongo pana namna ya lango, na ubongo wenyewe una sauti katika kulifungua na kulifunga. Hofu na huzuni hulifungua. Mtu akishughulika na jambo analolipenda, au akiwa na watu wanaomthamini, lango hurudishwa kidogo. Sasa umeelewa kicheko cha barazani? Kete zimemshika akili, wenzake bado wanamwita nahodha, kiuno kinampa nafasi. Akirudi nyumbani anapokewa na leso ya mafumbo, tena ya kumsimanga mvuvi kwa upwa! Wewe unaona hashtuki. Mimi nasema imempata barabara.

Daktari mmoja wa Marekani, Henry Beecher, aliandika mwaka 1946 kuhusu askari waliojeruhiwa vibaya vitani, na wengi wao hawakutaka dawa ya maumivu. Yeye aliona sababu ni kwamba jeraha kwao lilimaanisha kutoka vitani wakiwa hai. Kwa mumeo jeraha limemaanisha kunyang'anywa bahari, na heshima nyumbani ikafuata. Halafu maumivu yakikaa miezi, mishipa na ubongo huweza kuendelea kuyapiga mbiu hata nyama ikishapona. Wahenga walishasema: mwenye kovu usidhani kapoa.

"Kula anakula." Hili nimelipenda, maana umenipa ushahidi wa kumtetea. Ubongoni mna kemikali iitwayo dopamini, na kazi yake kubwa ni kumsukuma mtu kukifuata kitu, zaidi ya kumpa raha ya kukionja. Panya walioondolewa dopamini hawakuinuka kutafuta chakula, wangekufa njaa, lakini wakitiwa kitu kitamu mdomoni walionyesha kukifurahia kama panya wengine. Kwa hiyo mtu anaweza kuufurahia wali wako wa nazi na bado asiwe na nguvu ya kunyanyua nanga. Maumivu sugu na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hutembea pamoja mara nyingi, na zote mbili huugusa mtambo huo. Nawe ukauza mashine! Mtu aliyekwisha kupungukiwa na hamu ukamwondolea na kile cha kukitamani.

Nazi na ndimu zisikutie wazimu. Asiyelala, mwenye maumivu kutwa, akili yake haikushika maneno yako tangu unayasema. Lakini muulize mikondo ya Mkanda na miamba ya kuelekea Kiwayu, nadhani atakutajia bila kusita. Na anguko lile halisahau kamwe: kuna sehemu ndogo ya ubongo, amigdala, inayokazia kumbukumbu za hofu. Kusi ikianza kuvuma, tazama mkono wake unavyokwenda kiunoni.

Ndoa za siku hizi zimenichosha, niseme ukweli. Kesha la harusi linakopewa pesa, bibi arusi anapakwa hina mpaka mabegani, mume akiugua tu picha yake inatoweka kwenye simu na mafumbo yanapanda kwenye status ili mashoga wasome. Zamani leso za mafumbo tulivaliana na majirani. Mume tulikuwa tunamkanda.

Mavyaa wako yuko sawa, ingawa muda peke yake hautoshi. Mrudishe hospitali, naye aseme yote: kutolala, kukosa hamu, kusahau. Aombe mazoezi ya viungo, aanze kidogo kidogo, kwa sababu kulala kitandani kutwa kunamkaza zaidi. Baadhi ya dawa za sonona hutuliza pia maumivu sugu, lakini achague daktari, na kama anameza zile diklofenaki, dawa za maumivu za kununua kiholela, azipunguze kabla hazijamla tumbo na figo. Miguu ikifa ganzi, mkojo ukimshinda, au akianza kusema maisha hayana maana, usingoje kesho.

Talaka? Kadhi yupo, hakimbii. Usimwendee kwa kosa ambalo nusu yake ni lako.

Leso hiyo mpe mtu mwingine. Kisha leo usiku, mkiwa wawili tu, mwambie mashine umemuuzia nani na pesa zilikwenda wapi. Atakasirika. Mwache akasirike, usimjibu, na asubuhi mwende pamoja kwa aliyeinunua mkaulize kama atakubali kuirudisha, nanyi mumlipe kwa mafungu.