Kwanza niambieni nani alikuwa anaendesha

Swali lenu la wiki hii, kama mtu anunue gari la zamani ambalo huenda giaboksi yake ina hitilafu, limenigusa penyewe. Jibu langu ni hapana, asinunue. Ila kabla hamjageuza ukurasa nami nina swali: siku ya kulijaribu hilo gari, nani alikuwa anaendesha? Nimeona watu wazima na akili zao wakikagua rangi, kromu ya bampa, viti, hata saa ya kwenye dashibodi kama inatembea, kisha wakakaa kiti cha abiria na kumwachia muuzaji awazungushe. Huko ni kupewa lifti.

Shemeji yangu aliniomba nimsindikize kwenda kuangalia gari moja la saluni la miaka ya 60, milango minne, gia nne, liva ya gia sakafuni. Aina yake siitaji, wenye nayo watanijia juu bure. Gari lilikuwa zuri, tusidanganyane. Muuzaji, mzee mpole, alisema mwenyewe kwamba gia ya pili "ina usumbufu kidogo". Injini tuliikuta imeshapata moto. Boneti ukiigusa unautoa mkono haraka. Mimi nikakaa nyuma katikati, shemeji akakaa mbele akisifia usukani mwembamba.

Tulipoanza kushuka mteremko ndipo nilipoanza kuutazama mkono wa yule mzee. Akiingiza ya kwanza, anaiachia liva, mkono unarudi kwenye usukani. Ya tatu hivyohivyo, ya nne hivyohivyo. Lakini kila akiingiza ya pili mkono haubanduki. Tena haukupumzika pale: alikuwa anaivuta liva nyuma kwa nguvu, mishipa ya kiganja imemtoka, huku anatusimulia taratibu habari za mwenye gari wa kwanza. Akiondoa mguu kwenye mafuta, liva inapapatika mkononi mwake kama kuku anayetaka kuponyoka. Akikanyaga tena, inatulia. Shemeji hakuona kitu, alikuwa anaangalia dirishani.

Tukarudi juu, nikaomba shemeji ashike usukani. Nilimnong'oneza jambo moja tu: ukishaingiza ya pili, achia liva. Tukashuka palepale. Alipoondoa mguu kwenye mafuta, tak! Liva ikaruka ikakaa katikati, injini ikanyamaa, gari likaanza kujiendea lenyewe. Shemeji akakanyaga breki, akamgeukia mzee. Mzee akasema, "Ndiyo huo usumbufu niliowaambia."

Na kweli alikuwa ametuambia. Hilo ndilo linalonichanganya hadi leo. Alisema ugonjwa kwa mdomo, akauficha kwa mkono.

Kwa wasiojua, gia inayoruka ukiachia mafuta inaweza kuwa na sababu ndogo au kubwa. Ukikanyaga mafuta injini inasukuma magurudumu; ukiachia, magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini, na mzigo kwenye meno unageuka upande. Kama meno ya kushikia gia yameshalika yakawa na mteremko, yanajisukuma yenyewe kutoka. Lakini inaweza pia kuwa ni springi na gololi ya kushikilia gia mahali pake imechoka, au mipira ya kufungia injini imekufa na injini inacheza. Springi ni kitu cha mchana mmoja pale inapofikika kwa nje. Meno ni kushusha giaboksi nzima. Ukiwa umekaa kwenye usukani huwezi kuyatenganisha, na fundi anayekwambia anayajua kabla hajafungua anabahatisha.

Halafu kuna magari yanayosingiziwa. Land Rover ya kabla ya Series III, iliyotoka 1971, haikuwa na sinkronaiza, yaani ringi zinazolinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, kwenye gia ya kwanza na ya pili. Ikikukwaruzia ukirudisha ya pili, mgonjwa ni dereva. Ajifunze kukanyaga klachi mara mbili, mara ya kwanza kutoa gia, ya pili kuingiza nyingine. Gari likikwaruza rivasi nalo limesimama, mara nyingi ni klachi haiachii vizuri. Mlio unaosikika gia ikiwa huru, ukakata ukikanyaga klachi, huo unatoka kwenye beringi ya giaboksi. Ukianza pale unapokanyaga, ni beringi ya klachi. Mercedes W123 otomatiki hutumia vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaofyonzwa na kupita kwenye vimpira, kupanga ubadilishaji wa gia, kwa hiyo kimpira kilichopasuka kinaweza kuifanya ibadilishe kwa kishindo mtu akadhani giaboksi imekwisha. Citroën DS ya 1955, kwa upande wake, gia, klachi, breki, usukani na suspensheni vyote vilitumia mfumo mmoja wa haidroliki, yaani majimaji yanayosukumwa kwa presha. Hapo ukisema "giaboksi" hujui hata unaongelea nini.

Oili ya giaboksi ndiyo haijui kusema uongo, muuzaji akikubali uitazame. Mwage kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua kwa vidole. Ukiona vumbi linalometa kidhahabu ambalo sumaku hailishiki, hiyo ni shaba ya ringi za sinkronaiza inalika, na kidogo chake ni kawaida ya umri. Vipande vinavyonata kwenye sumaku, vyenye ncha, fungeni mazungumzo. Oili mpya kabisa, safi, kwenye gari ambalo kila kitu kingine ni kichafu? Muulize kwa nini.

Shemeji alilinunua. Nilimkataza, akalinunua. Ila alifanya kitu ambacho nakiheshimu: alidai apunguziwe gharama ya giaboksi nzima badala ya ile ya springi, na mzee akakubali bila kubishana sana. Ilipofunguliwa yakakutwa ni meno, kama nilivyohofia. Spea zikatoka kwenye giaboksi nyingine ya aina ileile iliyovunjwa, ikarudishwa, na gia ya pili inakaa mpaka leo, unaweza kuiachia. Kinachomtesa ni kutu ya sakafu na ya vizingiti chini ya milango, ambayo mzee hakuitaja na wala haikutoa mlio wowote njiani. Kila akichomelea hapa inatokea pale.

Kwa hiyo nimeanza na hapana, na nikijisoma naona nimekuwa natetea ndiyo. Basi liwe hivi: giaboksi hushushwa, ikafungwa tena, gari likabaki gari lilelile. Bodi iliyooza huimalizi. Mkinipa gari lenye gia ya pili inayoruka lakini sakafu nzima isiyo na kutu, na jingine lenye gia tamu na sakafu ya kutu, nachukua la kwanza. Ila niendeshe mwenyewe, nianze injini ikiwa baridi, niendelee mpaka ipate moto. Nijue giaboksi nyingine ya kuvunjia spea iko wapi kabla sijatoa hela. Na bei iwe ya gari ambalo giaboksi imekufa. Hapo nazungumzia gia za mkono. Otomatiki ya zamani ambayo ukiiweka kwenye D, ya kwenda mbele, inafikiri kwanza ndipo iondoke, na oili yake imekuwa nyeusi inanuka kuungua, mwachieni mwenyewe.