Skima ya PostgreSQL kwenda JSON Schema na Avro: kuna tul ya kubofya tu?

SWALI: Mkuu habari za kazi. Databesi yetu iko PostgreSQL na meza zimeshakuwa nyingi, na skima yake (maelezo ya meza, kolamu na masharti yake) inatakiwa pia kwenye fomati nyingine. Watu wa API wanataka JSON Schema (maelezo ya jinsi data ya JSON inavyotakiwa kuwa), wa Kafka, ule mfumo wa kusafirisha ujumbe, nao wanataka Avro (fomati ya data yenye skima yake), na zote tunaandika kwa mkono, kolamu ikibadilika huku, kule wanasahau. Kuna tul inayotafsiri yenyewe au nikae niandike skripti?

JIBU: Salama mkuu. Tul zipo na skripti pia si kazi ngumu kihivyo, ila jua kabisa kwamba majina ya meza na kolamu yatahama bila shida, kinachodondoka njiani ni masharti, na yanadondoka kimyakimya, huoni eror wala nini.

Chukua kolamu moja tu:

kiasi NUMERIC(12,2) NOT NULL CHECK (kiasi > 0)

Ukiipeleka JSON Schema kizembe unapata "type": "number" halafu basi. Wakati NOT NULL (yaani kolamu isiachwe tupu) ilitakiwa ikae sehemu mbili, maana kwenye JSON fildi yenye thamani null na fildi ambayo haipo kabisa ni vitu tofauti, kwa hiyo jina liingie kwenye required (orodha ya fildi za lazima) na type isiruhusu null. CHECK, lile sharti la kiasi kuzidi sifuri, inakuwa "exclusiveMinimum": 0, na hapo angalia toleo la JSON Schema, kwenye draft-04 hiyo ilikuwa true au false ya kuambatana na minimum, draft-06 ndo ikawa namba yenyewe. Kasheshe ni ile 12,2, yaani tarakimu 12, mbili kati yake baada ya nukta. Programu nyingi zikisoma namba ya JSON zinaigeuza floti (desimali ya kukadiria), senti zinaanza kuyumba, ndo maana hela mimi naipeleka kama string (maandishi) yenye pattern ya kukagua muundo wake, hata kama watu wa frontend watanuna. BIGINT (namba nzima kubwa) hivyohivyo: JavaScript ina uhakika mpaka 9007199254740991, ukipita hapo inaanza kukadiria na ID ya mteja mmoja inaweza ikageuka ya mwingine.

Avro kwa desimali iko vizuri, unatumia bytes yenye logicalType decimal, precision 12, scale 2. Kolamu inayokubali null inakuwa ["null", "string"], null itangulie kama default yako ni null. Ila CHECK haina pa kukaa huko, ibaki kwenye code.

FOREIGN KEY (kolamu inayoelekeza kwenye meza nyingine) ndo haipo kote kuwili. Oda ina mteja_id, sasa je utume id peke yake au umpachike mteja mzima ndani ya oda? Hilo usiiachie mashine, inategemea nani anasoma na anahitaji nini, wewe amua meza kwa meza uandike kwenye faili la konfigi, skripti ikafuate hilo.

Usisome faili za CREATE TABLE kwa regex (kutafuta maandishi kwa ruwaza) tafadhali, utalia. Soma katalogi ya databesi yenyewe (meza za ndani inamotunza maelezo ya meza zako), information_schema inakupa kolamu, pg_constraint pamoja na pg_get_constraintdef zinakupa CHECK. Viweke kwenye modeli moja ya katikati, kisha toa JSON Schema na Avro kutokea hapo. Fomati zikifika 5 na unataka kutoka yoyote kwenda yoyote, vigeuzi vya moja kwa moja ni 20, kupitia katikati ni 10. Kama hutaki kubuni modeli yako kuna LinkML, tul ya kuandikia modeli za data, unaandika YAML (faili la maandishi la maelezo) inakutolea JSON Schema na SQL, ila hapo YAML ndo inakuwa bosi na databesi inafuata, na timu nyingi hazikubali hilo kirahisi.

Halafu kitu ambacho tul nyingi hazifanyi na wewe ufanye: kila sharti lililokosa pa kwenda liandikwe kwenye ripoti, meza, kolamu, sharti. Ripoti hiyo ikae Git (panapotunzwa matoleo ya code) pamoja na skima, CI (ukaguzi unaojiendesha kila code ikibadilika) igome kama imeongezeka mstari ambao hakuna aliyeupitisha. Anza na meza mbili tatu zenye CHECK nyingi na desimali, zile za majina na anuani zitapita tu hata ukiwa umelala.