Rada inasikia, inahisi au inapima?

SWALI: Assalamu alaikum mwalimu. Mjomba wetu aliye ughaibuni amemletea nyanya kifaa kidogo cha kuweka kando ya kitanda. Hakivaliwi wala hakimgusi; kinatumia rada kufuatilia pumzi zake na moyo wake usiku. Nimeandika karatasi ya maelezo nikaibandika ukutani ili kila anayelala naye aelewe: "Hii ni sensa ya rada. Inasikia ishara muhimu za nyanya kutoka mbali." Mjomba ameniambia kwa simu kwamba nimekosea, rada haina masikio, niandike "inahisi". Na dada anayetusaidia kazi, tangu aisome karatasi hiyo, hazungumzi tena chumbani. Hata simu hutoka nje kuipokea. Je, "inasikia" ni kosa? Na hizo "ishara muhimu" nimeziita sawa? (Msomaji, Kisauni, Mombasa)

JIBU: Wa alaikumu salamu, mwanangu, na niamkie nyanya.

Nianze na huyo dada anayetoka nje na simu, maana yeye ndiye aliyeisoma karatasi yako kwa makini kuliko sisi sote.

Mjomba anasema rada haina masikio. Ni kweli, lakini hoja hiyo peke yake haitoshi kulifuta neno lako, kwa kuwa Kiswahili hakikukufungia kusikia ndani ya masikio. Hapa kwetu mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu, husikia kizunguzungu. Ukipita Mji wa Kale jioni ukakutana na harufu ya asumini, utasema umeisikia, na hakuna atakayekuuliza umeisikia kwa sikio lipi. Mgonjwa huulizwa "wasikiaje?" naye hujibu kwa mwili mzima. Kuona nako ni vivyo hivyo: twaona haya, twaona kiu. Basi aliyesema kwamba rada inasikia pumzi hajakivunja Kiswahili. Amelichukua neno katika upana wake wa zamani, na upana huo naupenda sana.

Taabu iko upande mwingine wa neno hilo hilo. Kusikia ni kuelewa pia, na ni kutii. Mtoto asiyesikia si kiziwi, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu masikio yake yakiwa mazima. Kwa hiyo kitu kinachosikia, kikiwekwa katika chumba ambamo watu huzungumza, hugeuka kuwa mtu wa nne: kinasikia, kinaelewa, na huenda kikasema. Dada alisoma "inasikia", akayamalizia mwenyewe yaliyobaki. Hakukosea kusoma.

Tutazame basi kifaa chenyewe hufanya nini, ndipo tukipe kitenzi kinachokistahili. Siku ukikaa ufukweni Mama Ngina ukaiangalia meli inayoingia bandari ya Kilindini, tazama juu ya mlingoti wake: kuna kitu kama ubao kinachozunguka. Hicho hutuma mawimbi ya redio. Mawimbi yakigonga chombo kingine hurudi kama mwangwi, na muda wa kwenda na kurudi humjulisha nahodha umbali. Jina rada lilitungwa na jeshi la majini la Marekani mwaka 1940, kutokana na herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kugundua kwa redio na kupima umbali. Angalia vitenzi hivyo viwili, kugundua na kupima. Vilikuwamo ndani ya jina tangu siku ya kwanza, na kusikia hakumo. (Vijana wetu nao wamelichukua neno wakalipa kazi nyingine: "rada?" ni kuulizana habari, na "kuwa rada" ni kuwa macho. Silioni kuwa kosa. Wameshika kiini cha kitu.)

Rada ya kando ya kitanda ni ndugu wa ile ya mlingotini, ila mawimbi yake ni mafupi mno. Nyingi hutumia masafa ya gigahezi 60, ambapo urefu wa wimbi moja ni milimita 5 tu. Mtu anapovuta pumzi akiwa amelala, kifua chake husogea milimita chache, na pigo la moyo huisukuma ngozi kwa chini ya milimita moja. Wimbi likigonga kifua kilichosogea hurudi likiwa limewahi au limechelewa kidogo kuliko lile lililotangulia, na kifaa hulinganisha lililokwenda na lililorudi, tena na tena. Halafu kompyuta hutenganisha: msogeo wa polepole, mara 12 hadi 20 kwa dakika kwa mtu mzima aliyetulia, ni pumzi, ule mdogo wa haraka, mara 60 hadi 100, ni moyo. Jambo lenyewe si geni. James C. Lin aliandika mwaka 1975 juu ya kupima upumuaji kwa mawimbi ya maikrowevu bila kumgusa mtu.

Hapo umeona kwamba kinachopatikana ni msogeo na hesabu. Sauti ya moyo haifiki kwenye kifaa hata kidogo. Daktari anayeweka chombo kifuani kwa nyanya ndiye anayeusikia moyo. Kitenzi cha rada ni kupima.

Neno la mjomba lina haki yake. Kihisi ni jina zuri la kifaa cha namna hii, na nitakuomba ulitumie badala ya "sensa", kwa sababu sensa tunayo tayari: ni ile ya kuhesabu watu, kama ya mwaka 2019. Atakayekuta ukutani "sensa ya rada" anaweza kudhani nyanya anahesabiwa. Lakini kitenzi kuhisi, katika mazungumzo ya kila siku, kimebeba shaka. "Nahisi mvua itanyesha." "Nahisi amekasirika." Karatasi ikisema kifaa kinahisi moyo wa nyanya, msomaji aweza kuelewa kinabahatisha. Kiite kihisi, useme kinapima.

Kugundua nako kuna mahali pake. Mwaka 2015, baada ya tetemeko la ardhi Nepal, waokoaji walitumia chombo cha rada kiitwacho FINDER, kilichobuniwa na maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani, na katika mji wa Chautara kikawaonyesha mapigo ya moyo ya watu 4 waliofukiwa chini ya kifusi, wakatolewa wakiwa hai. Pale rada iligundua, maana kugundua ni kufichua kilichofichika. Nyanya yuko kitandani kwake na kila mtu anajua yuko pale. Hagunduliwi.

Sasa nirudi kwa dada, kwa kuwa sitaki umwambie kwamba hofu yake ni bure. Si bure.

Mtu akizungumza, koo lake hutetemeka: kwa mwanamume mara mia moja na kitu kwa sekunde, kwa mwanamke karibu mara mia mbili. Mtetemo ni msogeo, na msogeo ndio chakula cha rada. Simu nayo, inapotoa sauti sikioni, hutetemesha bamba lake kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walionyesha mwaka 2022 kwamba rada ya mawimbi mafupi inaweza kutambua kutokana na mtetemo huo maneno machache yaliyochaguliwa tangu awali, na mwaka 2025 wakaendelea hadi mazungumzo ya simu, kwa umbali wa kama mita 3, huku programu ya kompyuta ikipatia takriban asilimia 60 ya maneno. Yalikuwa majaribio ya watafiti, yenye vifaa na programu vilivyoandaliwa kwa kazi hiyo. Kihisi cha usingizi hakikutengenezwa kwa hilo. Lakini yamefanyika, na mtu ana haki ya kuyajua.

Kabla ya hapo kulikuwa na kisa cha Moscow. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani nembo ya taifa lake iliyochongwa kwa mbao, akaitundika nyumbani kwake. Ndani yake mlikuwa na kidude kisicho na betri wala waya, kilichobuniwa na Leon Theremin, mvumbuzi wa Kirusi. Mawimbi ya redio yalirushwa kutoka nje ya jengo, kidude kikatetemeka kwa maneno ya waliomo chumbani, na mawimbi yakarudi yakiwa yamebeba maneno hayo. Kiligunduliwa mwaka 1952.

Kwa kazi hii Kiswahili kina neno lake, nalo lasikitisha kuona limesahauliwa: kudukiza. Mdukizi ni anayesikiliza kwa siri mazungumzo yasiyomhusu. Naona waandishi wengi wakitumia "kunasa mazungumzo", na si vibaya, kwani kunasa ni kazi ya mtego na kinasa sauti tumekizoea. Lakini kunasa hakumtaji mtu mwenye nia. Kudukiza kunamtaja. Rada ikipima mtetemo wa koo, imepima. Mtu akiielekeza kwako ili ajue unalosema, yeye amedukiza. Tuweke kila kitenzi kwa mwenyewe, kwa sababu lugha inayosema "rada imesikiliza" humficha aliyeishika rada.

Na neno faragha ulitunze. Sisi ni watu wa hodi: hata mtoto wa nyumbani husimama mlangoni hadi aambiwe karibu. Wimbi la redio halibishi hodi. Hupita kwenye chandarua, hupita pazia, hupita mbao nyembamba, ingawa ukuta mnene wa mawe hulidhoofisha sana. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Pumzi za nyanya zimo humo. Mjomba aulizwe habari hizo zinakwenda wapi na nani anaziona, na nyanya mwenyewe aulizwe kama ameridhia.

Tafadhali kigeuze kifaa usome sanduku lake pia. Baadhi ya vifaa hivi vina maikrofoni pamoja na rada. Google Nest Hub ya 2021, kwa mfano, kifaa chenye kioo cha kuweka mezani, hupima pumzi kwa rada, na hutumia maikrofoni kujua mtu amekohoa au amekoroma. Kifaa kama hicho kinapima na kinasikia pia, kila kitenzi kwa kiungo chake. Kama cha nyanya kina maikrofoni, iandikwe wazi. Uandike "maikrofoni", usiandike "kipaza sauti", kwani kipaza sauti kwa wengi ni kile cha juu ya mnara wa msikiti.

Limebaki la "ishara muhimu". Ishara hufanywa na anayetaka kukuambia kitu, kwa mkono, kwa jicho, kwa taa. Moyo hauashirii, unapiga tu. Magazeti huandika "dalili za uhai", na dalili ni neno sahihi zaidi, maana dalili ya mvua ni mawingu wala mawingu hayakukusudia kukwambia. Lakini usiliandike ukutani kwa nyanya. Tunatafuta dalili za uhai kwa mtu aliyeanguka akanyamaza, watu wakamwinamia. Mzee aliye hai, aamkaye alfajiri kuswali, asikute juu ya kitanda chake maneno yanayotia shaka uhai wake. "Vipimo vya mwili" navyo ni vya fundi cherehani anayekata kanzu. Mimi naona jawabu ni kuvitaja vitu vyenyewe kwa majina, kwani ni viwili tu na kila mtu anavijua: pumzi na mapigo ya moyo.

"Kutoka mbali" pia liondoe. Kifaa kiko mezani, hatua moja kutoka kwenye mto anaolalia nyanya. Ulichotaka kusema ni "bila kumgusa".

Karatasi mpya iwe hivi, na umsomee dada kwa sauti kabla hujaibandika:

"Hiki ni kihisi cha rada. Usiku kinapima pumzi za nyanya na mapigo ya moyo wake, bila kumgusa. Kwa rada hiyo hakisikilizi mazungumzo. Maikrofoni yake: (andika haina, au ina na imezimwa). Nyanya amekubali kiwekwe hapa. Akisema kiondolewe, kiondoe."