Kugeuza lori la modeli kuwa gari la mfereji: anza na ulimi, bodi ingoje

Lori langu la kwanza lilikaa kabatini miezi minne. Nililiunga kwa uangalifu, nikalipaka rangi, nikabandika hata vioo vya pembeni, ndipo nikaanza kutafuta pa kuweka mota. Hapakuwa na nafasi. Nilipolazimisha, kebini ikapasuka nguzo zote mbili za mbele. Ndiyo maana naandika haya. Ukinunua modeli ya lori kwa nia ya kulikimbiza, usiiunge kama kijitabu chake kinavyoelekeza. Anza chini kabisa, mahali lori linapokutana na njia.

Kwa asiyeujua mchezo huu: ni magari madogo ya umeme yanayofuata mfereji mwembamba uliochimbwa kwenye njia. Kandokando ya mfereji kuna tepe mbili za shaba zinazobeba umeme wa volti 12. Chini ya pua ya gari kuna kipande cha plastiki kinachozama mferejini, nacho kina nyuzi laini za shaba kila upande zinazogusa zile tepe. Mimi nakiita ulimi. Usukani hakuna, una kidhibiti mkononi, ukibana gari linakwenda, ukiachia linasimama. Wengi hukimbiza magari ya lami. Sisi wa malori tunajenga njia za ubao zenye mabonde, mawe na mchanga uliogandishwa kwa gundi.

Nilichagua modeli ya Unimog U1300L, lori la Kijerumani la kupita njia mbovu, kipimo cha 1/35, yaani dogo mara 35 kuliko lori lenyewe. Ninaishi Karlsruhe, Ujerumani, na Gaggenau, mji ambako Unimog zilitengenezwa kuanzia 1951 hadi 2002, hauko mbali. Hapo pana makumbusho ya Unimog yaliyofunguliwa 2006, na nje yake kuna uwanja wa kupandishia magari hayo. Nilisimama nyuma ya moja likipanda kilima nikaangalia ekseli tu: gurudumu moja limeinuka, la upande wa pili limeshuka, bodi juu imetulia. Picha hiyo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani.

Sababu ya pili ilikuwa hesabu. Lori lenyewe lina upana wa mita 2.3. Gawanya kwa 35, unapata milimita 66 hivi. Njia za plastiki za kampuni ya Scalextric zina milimita 78 kati ya mfereji na mfereji, kwa hiyo malori mawili yanapishana bila kugusana. Sasa chukua lori la mbio lenye upana wa mita 2.5 katika kipimo cha 1/32: ni milimita 78 kamili, yaani yatakwaruzana mwanzo hadi mwisho. Katika 1/24 ni 104, na hapo hata njia ya kampuni ya Carrera, ambayo nafasi yake ni karibu 100, haitoshi. Shika rula kabla hujatoa pesa.

Tuje kwenye ulimi, maana hapa ndipo nimeona malori mengi mazuri yakishindwa. Gari la kawaida la mfereji lina tairi za kipenyo cha milimita 20 hivi, kwa hiyo ekseli yake iko milimita 10 juu ya njia. Tairi za Unimog hii ni milimita 29. Ekseli imepanda hadi 14.5, na chesisi nzima imepanda nayo. Ukifunga ulimi kwenye chesisi iliyonyooka, utaning'inia. Ncha yake itagusa mdomo wa mfereji tu, na kwenye tuta la kwanza lori litatoka njiani. Inabidi uushushe hizo milimita nne na nusu, kisha uuache uwe na uhuru wa kushuka zaidi pale magurudumu ya mbele yanapopanda jiwe.

Mimi nilikata ukanda wa bamba la shaba ya njano, upana milimita 8, nikaukunja kama ngazi moja kuelekea chini. Nyuma yake kuna bawaba iliyofungwa kwenye chesisi, mbele kuna ulimi. Huo ni mkono unaopanda na kushuka. Juu yake nikaweka springi. Springi ya kalamu ya biki ni ngumu mno, inainua pua ya lori. Niliivuta ikawa ndefu, nikakata mizunguko minne tu, nikajaribu tena. Kipimo changu ni hiki: inua pua kwa kidole polepole, mkono ushuke wenyewe walau milimita nne. Kisha liache lori likae, upitishe karatasi chini ya tairi za mbele. Karatasi ikipita bila kukwama, springi ina nguvu mno. Tairi za mbele lazima zikanyage njia.

Na waya. Waya mgumu huuvuta ulimi upande mmoja, ukadhani chesisi imepinda. Nunua waya laini kabisa, acha urefu wa kutosha ulimi ugeuke kushoto na kulia bila kuburutwa.

Gia ni jambo ambalo watu hulisahau mpaka mota inaanza kunuka. Tairi ya milimita 20 husogeza gari milimita 63 kwa mzunguko mmoja. Ya 29 husogeza 91. Gia ileile inayofaa gari la lami italifanya lori lianze kwa kishindo, likose nguvu mlimani, na mota ichemke. Nilitoka kwenye uwiano wa tatu kwa moja nikaenda kwenye gia ya meno 8 kwa mota na meno 36 kwa ekseli, yaani nne na nusu kwa moja. Uzuri wa tairi kubwa ni kwamba gia kubwa ya hivyo inazunguka bila kukwaruza chini.

Kuunganisha ekseli mbili kwa mkanda ili zote zisukume kunasaidia sana kwenye mchanga, ila tairi za mbele na nyuma ziwe na kipenyo kimoja. Zikitofautiana hata kidogo, ekseli zitashindana na mkanda utakatika.

Uzito. Tulipokuwa watoto Makambako tulitengeneza malori ya mabati ya makopo na magurudumu ya ndala, tukayavuta kwa kamba, nayo yalikuwa yakipinduka kila kona mpaka mmoja wetu alipoweka udongo mbichi chini ya bodi. Nilipaswa kukumbuka hilo mapema. Kebini ya modeli ni nzito na iko juu. Nilikwangua kuta zake kwa ndani, nikatoa viti na dashibodi, nikaweka vichwa viwili na mabega tu. Turubai la plastiki la nyuma nililitupa, nikatengeneza jingine kwa karatasi iliyolowekwa gundi nyeupe. Bodi ilishuka kutoka gramu 74 hadi 41. Vipande vya madini ya risasi, vya kuongeza uzito, nilivibandika katikati ya ekseli, usawa wa chini wa chesisi. Weka lori juu ya ubao wenye msasa, inua ubao upande mmoja: langu mwanzoni lilianguka kwenye nyuzi 33 hivi, sasa linafika 43.

Vioo vya madirisha usivibandike kwa supaglu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiofutika. Gundi nyeupe ya mbao inatosha, na ukivunja kioo unakitoa kwa ukucha. Rimu za modeli ni nzuri mno kuzitupa. Chonga uso wake ubaki mwembamba, uubandike juu ya rimu ya aluminiamu ya gari la mfereji.

Njia yangu ina mchanga, kwa hiyo nyuzi za ulimi nazisafisha kila baada ya mizunguko thelathini, nazichana kwa mswaki mkavu. Lori likianza kusitasita, sigusi mota kabla sijaangalia hapo.

Lori la pili liko mezani wiki ya tatu sasa. Chesisi yake imeshazunguka njia zaidi ya mara mia ikiwa uchi, na juzi nimebadilisha springi tena. Kebini na bodi bado zimo kwenye fremu zake za plastiki, sijakata hata kipande kimoja.