Mwanangu, kwanini siku ile ya ngoma sikukuchapa

Mwanangu,

Marahaba. Huku Newala tuko salama, baridi tu ndo inatusumbua, asubuhi ukungu unakuja mpaka mlangoni. Voisi yako nimeirudia mara mbili, ya kwanza nilikuwa shambani bomba la kupulizia mikorosho salfa linaunguruma mgongoni sikuambulia kitu. Kumbe mchumba wangu, huyo mjukuu wangu, kavuruga onyesho la shule huko Mbagala, kapewa kayamba asimame nyuma yeye kaenda mbele kuwaanzishia wenzie wimbo mwingine kabisa, mwalimu kakupigia simu, na sasa unauliza, baba mbona mimi siku ile ya ngoma hukunichapa, huyu nimchape au nimwache?

Wewe ulikuwa darasa la nne, unakumbuka upande wako tu. Ilikuwa 2003, siku ya wazazi, daraja la Mkapa pale Rufiji limekaribia kufunguliwa, nakumbuka kwa sababu mgeni rasmi alianza hotuba na daraja akamalizia na daraja. Ngoma zilikuwa zimelala stoo kwenye sakafu, na ukungu wa Julai unaujua, ngozi imenyonya unyevu imelegea yote. Wale wavulana wakianza kupiga ni pu, pu, kama mtu anakung'uta godoro. Nikakuona kwenye kwaya unakunja uso kila ikipigwa, nikasema leo hapa kuna jambo.

Mgeni rasmi kushika tu kipaza sauti, wewe haupo na ngoma kubwa haipo. Nilikuona mwanangu. Nilikuona unaiburuza kuelekea kwa wapishi wa pilau, na ningeweza kuinuka nikakufuata, nilikaa pembeni kabisa hata asingeniona mtu. Sikuinuka. Na mimi ile pu pu ilikuwa inaniuma, nilitaka kuisikia ngoma ikilia.

Na ililia! Sindimba ilivyoanza kina mama walipiga vigelegele watoto hata hawajakata kiuno, mzee mmoja pembeni yangu akavua kofia. Halafu katikati hapo, paa! Ngozi imepasuka toka ukingo mpaka ukingo, mpigaji kabaki na mkono ndani ya ngoma, mkuu wa shule kasimama anauliza nani kaichezea hii, na wewe na masizi yako mpaka puani umenyoosha kidole juu kama unajibu hesabu.

Sasa ningekuchapa kwa lipi? Mambo ya moto ulijifunzia mapajani kwangu, kule kwenye ngoma za jando nilikokuwa nakubeba usiku, ukaona wazee wanazisogeza motoni. Nusu yake ndo sikukuambia. Wazee wanawasha nyasi kavu, moto wa kupita tu, wanaizungusha ngoma, wanaigonga, wanasikiliza, wanaigeuza tena. Wewe uliiweka juu ya mkaa ukaibanika kama muhogo. Kosa la kuondoka kwenye mstari bila ruhusa lilikuwa lako, ndo maana ulifagia uwanja wa shule wiki nzima na sikukutetea, ila ngozi ilikuwa deni langu.

Kwa hiyo mchumba wangu usimwekee fimbo kwanza. Mpeleke kwa mwalimu aombe radhi mwenyewe kwa mdomo wake, wewe simama pembeni usimsemee. Mkirudi nyumbani muulize ule wimbo waliopangiwa ulikuwa na nini mpaka akaona bora wake, na umsikilize mpaka mwisho hata kama anaongea upuuzi (mimi wewe sikukuuliza, nilijifanya najua).

Aliyetaka kukuchapa siku ile ni mama yako. Ngozi mpya ilitoka kwa beberu wake, yule mweusi aliyekuwa anamtunza amuuze alipie bati, nilimchinja jioni ile ile bila kumuuliza. Mpaka leo akisikia sindimba anamtaja. Na nyama yake mwanangu uliila wewe kuliko wote.

Baba yako.