Maswali ya wasomaji kwa fundi: Beseni la kunawia la mbao ya kukereza

Mwezi huu barua nne zimeuliza habari ya kitu kimoja, nacho ni beseni la kunawia la bafuni lililokerezwa kwa mbao. Nimeanza na barua ndefu kuliko zote, kwa kuwa bila jibu lake zile nyingine hazieleweki vizuri.

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni seremala wa Muheza, na mashine yangu ya kukereza kwa miaka mingi imefanya miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Mwenye nyumba ya wageni ameniagiza mabeseni mawili ya msaji yenye upana wa sentimita 40, ya kuwekwa juu ya meza ya zege. Nimepata gogo bichi. Je, nilikereze sasa au nisubiri likauke? Na mashine iende kwa kasi gani?

JAWABU: Anza sasa, ndugu yangu, ila usimalize sasa. Gogo zima likiachwa likauke lenyewe hupasuka, kwa sababu sehemu ya nje hunywea wakati ndani bado pana maji. Nawe ukilikereza bichi moja kwa moja hadi unene wa mwisho, huenda lisipasuke, lakini halitabaki duara. Mbao hunywea kwa kufuata mzunguko wa pete za mti takriban mara mbili ya inavyonywea kuelekea moyoni, na kwa urefu wa nyuzi hainywei kiasi cha kuonekana, ndiyo maana bakuli lililokerezwa bichi huishia kuwa na umbo la yai. Kwa bakuli la matunda umbo hilo linaweza kuwa pambo. Kwa beseni linalotakiwa kutulia juu ya zege na kukazwa kwa nati chini yake, ni hasara tupu. Beseni langu la kwanza, la mkangazi, nililimaliza siku moja kwa pupa, na baada ya miezi miwili lilikuwa likiyumba mezani kama mtumbwi.

Pasua gogo kwa urefu, kisha uondoe moyo wake wote pamoja na sentimita mbili au tatu za kila upande, maana nyufa nyingi huanzia hapo. Ondoa pia mbao nyeupe ya nje. Sifa ya msaji ya kuvumilia maji imo katika mbao yake ya ndani yenye rangi ya dhahabu, wala haimo katika ile nyeupe, na misaji ya mashamba kama Longuza na Mtibwa inapovunwa ikiwa michanga huwa na nyeupe nyingi. Ukishaondoa hayo yote na usipate kipande cha upana unaotakiwa, usilazimishe. Tengeneza pete za vipande vilivyogundishwa na kuzipanga moja juu ya nyingine. Kwa pete ya vipande 12, kila ncha hukatwa kwa pembe ya digrii 15. Msaji una mafuta yanayoikataa gundi, kwa hiyo futa kila uso kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka, na utumie epoksi, yaani gundi ya vimiminika viwili vinavyochanganywa vikagandana, au gundi nyeupe ya daraja D4 inayostahimili maji. Mimi mwenyewe huipenda zaidi njia hii ya pete kwa mabeseni, ingawa wateja huvutiwa na kipande kimoja, kwa sababu nyuzi huzunguka pamoja na beseni na ncha zake hazibaki wazi kunyonya maji.

Ukibaki na kipande kimoja, kikereze kwanza kwa kukadiria, ukiacha kuta zenye unene wa sehemu moja ya kumi ya upana, yaani sentimita 4. Paka nta au rangi iliyobaki dukani kwako pale ambapo nyuzi zimekatwa, uweke beseni kivulini mahali pasipo na upepo mkali, na ulipime kwa mizani kila wiki, ukiandika uzito wake kwa penseli chini ya kitako. Uzito ukibaki vilevile kwa wiki tatu au nne, mbao imetulia. Kwa unene huo usishangae ikichukua nusu mwaka au zaidi, na ni vyema mwenye nyumba ya wageni akaambiwa jambo hilo kabla hujapokea malipo ya awali. Kumbuka pia kwamba mbao hutulia kwa kufuata hewa ya mahali ilipo: penye unyevu wa asilimia 80, kama pwani yetu kwa miezi mingi, hubaki na maji karibu asilimia 16 ya uzito wake mkavu, na penye unyevu wa asilimia 50 hubaki na asilimia 9 hivi. Beseni lililokaukia Tanga likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi litaendelea kunywea huko.

Sasa kasi. Kanuni ya wakerezaji ni kwamba upana wa kipande kwa inchi ukizidishwa kwa mizunguko ya mashine kwa dakika, jibu liwe kati ya 6,000 na 9,000. Kipande chako cha inchi 16 kinataka mizunguko kati ya 375 na 560, nayo ni kasi ndogo kuliko uliyoizoea kwa miguu ya vitanda. Usiidharau. Kwa mizunguko 500, ukingo wa beseni la sentimita 40 hupita mbele yako kwa kasi ya karibu kilomita 38 kwa saa, na kipande cha unene wa sentimita 15 kina uzito wa kilo 12 hivi kikiwa kikavu, na zaidi sana kikiwa kibichi. Kifunge kwenye sahani ya chuma kwa skrubu nene zinazoingia ndani ya mbao walau milimita 25, kizungushe kwanza kwa mkono uone kama kinagusa popote, washa mashine ikiwa katika kasi yake ndogo kabisa, na usimame pembeni badala ya mbele yake. Kama mashine yako haina nafasi ya sentimita 20 na ziada kutoka katikati ya mhimili hadi kwenye kitanda chake, yaani zile reli za chini, kazi hii haikufai mpaka ukereze upande wa nje wa kichwa cha mashine.

Kwa upande wa nje, peleka bobari, yaani patasi yenye mdomo wa mviringo, kutoka kitakoni kwenda ukingoni. Kwa ndani, kutoka ukingoni kwenda katikati. Ukienda kinyume utazing'oa nyuzi badala ya kuzikata, na hakuna msasa utakaoficha kosa hilo. Msaji una chembe ngumu kama mchanga ndani yake, kwa hiyo bobari itataka kunolewa mara nyingi kuliko unavyotarajia. Sakafu ya beseni isiwe bapa hata kidogo. Iteremke kuelekea kwenye tundu, ili tone la mwisho la maji lisipate mahali pa kulala. Kuta ziishie kwenye unene wa milimita 20 hivi, nawe uache milimita 25 kuzunguka tundu.

SWALI: Nina beseni la mvule nililonunua hapa Mombasa miezi mitatu iliyopita. Halina ufa hata mmoja, lakini meza iliyo chini yake imelowa na ukingo wa tundu umegeuka mweusi. Fundi bomba anasema mbao imeoza. Ni kweli?

JAWABU: Sidhani, na nakuomba usilitupe. Mvule hauozi kwa miezi mitatu. Chungulia kile kifaa cha chuma kinachopita kwenye tundu na kupeleka maji kwenye bomba, uone kama kina matundu marefu ubavuni. Vifaa vya namna hiyo vimetengenezwa kwa mabeseni ya kauri yenye njia ya ndani ya kupitishia maji yanapojaa kupita kiasi. Beseni lako la mbao halina njia hiyo, kwa hiyo maji yanatoka ubavuni mwa kifaa, yanailowesha mbao ndani ya tundu, kisha yanateremka mezani. Weka kifaa kisicho na matundu ubavuni, chenye washa ya mpira juu na chini, na uchuruziko utakoma. Weusi huo kwa kawaida ni dalili ya maji kukaa, na kama nati au washa mojawapo ni ya chuma cha kawaida, kutu yake ikikutana na utomvu wa mbao huacha doa kama wino. Tumia shaba ya njano au chuma kisichoshika kutu.

Kwa wale wanaotengeneza, nasema wazi kwamba tundu ndilo linaloua mabeseni ya mbao, maana hapo ndipo nyuzi zilizokatwa zinapokutana na maji kila siku mahali ambapo jicho halifiki. Nunua kifaa kwanza, ukipime, ndipo utoboe. Vingi vya hesi, yaani mikato ya kufungia nati, ya inchi moja na robo hupita kwenye tundu la milimita 45. Mimi hufanya kama wanavyofanya mafundi wa boti za kisasa: natoboa tundu la milimita 60, naziba chini, najaza epoksi, na ikishakauka kabisa natoboa lile la 45 katikati yake, hivi kwamba maji yanagusa epoksi tu na hayaifikii mbao. Epoksi imiminwe kwa tabaka, kila moja ipoe kabla ya nyingine, kwa sababu ikimwagwa nyingi kwa pamoja huchemka yenyewe, hutoa moshi na hupasuka.

SWALI: Shikamoo Fundi. Babu yangu ni fundi wa majahazi hapa Nungwi, naye ananicheka ninaposema nitapaka plastiki juu ya mbao. Anasema nipake sifa kama jahazi. Nifuate lipi?

JAWABU: Marahaba, na umfikishie babu salamu zangu, kwa sababu hoja yake ina uzito. Jahazi hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na hupakwa tena na tena kila linapopandishwa pwani. Halipakwi mara moja likasahauliwa. Mafuta hayazuii mbao kupumua, na yakichakaa huongezwa bila kukwangua. Kasoro yake kwa bafuni unaijua: harufu. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hufanya kazi ileile bila harufu hiyo, lakini yatakudai uyarudie kila miezi michache, na beseni la nyumba yenye watoto watano hakuna atakayelikumbuka. Epoksi nyepesi inayopenya, tabaka tatu au nne, kisha vanishi ya boti juu yake kwa sababu epoksi peke yake huharibiwa na jua, ni kinga kubwa zaidi ilimradi isipate mkwaruzo; ikikwaruzwa, maji huingia chini ya ngozi hiyo na hayatoki. Kwa beseni la kila siku mimi huchagua epoksi. Kwa beseni la mgeni, linalonawiwa mara mbili kwa juma, namfuata babu, bila papa.

Njia yoyote utakayoifuata, ipake nje na ndani kwa kiasi kilekile, pamoja na kitako, kwa maana mbao iliyozibwa upande mmoja hupinda. Na vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani usivirundike pembeni mwa karakana, kwani huweza kuwaka moto vyenyewe. Vianike kimoja kimoja nje au vilowekwe majini.

SWALI: Nina mwembe uliokatwa uani kwetu Kisumu. Utafaa kwa beseni? Na beseni la mbao husafishwa kwa nini?

JAWABU: Mwembe hukerezeka vizuri na una michirizi ya kupendeza, lakini hauvumilii unyevu, na bungua wanaupenda, kwa hiyo ukereze bakuli la matunda. Vaa barakoa na mikono mirefu, kwa kuwa utomvu wake huwatoa watu wengine vipele.

Beseni husafishwa kwa kitambaa laini na sabuni ya kawaida ya maji. Dawa za kung'arishia zenye klorini zisiguse mbao, wala unga wa kusugulia, wala sufuria ya maji yanayochemka isimwagwe humo, kwa sababu joto hulainisha epoksi. Kila usiku mtu wa mwisho kunawa apitishe kitambaa kikavu kuzunguka tundu.